Mwili Huru wa Doña Tatá

Radhamés Almánzar hakuwa injinia, ila mtu wa kumwambia hivyo usoni alikuwa bado hajazaliwa, au alishazaliwa akaolewa naye. Alisoma uinjinia miaka mitatu kule Santiago, mji jirani. Mwaka wa nne ukamshinda kwa sababu ambazo kila ukimuuliza anakupa mpya: mara baba alifariki, mara profesa alimwonea kijicho, mara lilibaki somo moja tu la hesabu, na lile somo, anasema, hata aliyelitunga hakulielewa. Akarudi Moca, mji wetu huu, akashika spana kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa miaka thelathini na moja, akastaafu na goti moja bovu.

Goti lilipomweka ndani, akaugundua Ubao.

Wenyewe wanauita La Pizarra. Ni mtandao ambako wanafunzi wa fizikia na uinjinia, kuanzia Meksiko mpaka Chile, hutupia maswali ya kazi za nyumbani, na watu waliojitolea huwasaidia bure. Huko Radhamés hakuwa mzee wa goti. Huko alikuwa InjiniaMocano, nyota tano, maswali elfu nne mia moja na kumi na mawili. Watoto wa Lima na Guatemala walimwandikia "asante injinia," naye alikuwa akiyasoma hayo maneno kwa sauti ili yafike chumba cha mbele, ambako mkewe, Ybelka, ana saluni.

"Umesikia, Ybelka? Injinia!"

"Nimesikia, injinia. Pasi yangu bado imekufa. Wiki ya pili hii."

Basi akachukua kadibodi, akaandika kwa wino mwekundu, akaibandika mlangoni: INJINIA HATOI USHAURI MLANGONI. MASWALI KWENYE UBAO TU. Maana alichoka. Huyu analeta blenda, yule feni, mwingine anataka kujua kwa nini jogoo wake amepigwa na umeme. Mtu wa nyota tano hawezi kuhangaika na jogoo.

Sasa, Ubao una sheria moja, na ndiyo iliyomponza. Mwanafunzi hapewi jibu. Anaelekezwa, anaulizwa, anazungushwa mpaka alione mwenyewe. Na swali la kwanza, hata aliyeuliza akiwa analia, ni hili: "Umejaribu nini mpaka sasa?" Ukitoa jibu moja kwa moja, unakula kadi. Kadi mbili za njano ni onyo. Ya tatu ni nyekundu: jina linafutwa, nyota zinafutwa, maswali yote elfu nne na ushee yanakuwa ya mtu ambaye hajawahi kuwepo.

Radhamés alikuwa na mbili tayari. Ya kwanza alimwonea huruma binti wa Arequipa saa moja kabla ya mtihani, akamwandikia "newtoni kumi na nane, mwanangu, nenda kalale." Ya pili alimwambia kijana wa Honduras kwamba mwalimu wake ni punda. Halikuwa jibu la swali, lakini wakubwa wa Ubao waliona limetolewa moja kwa moja mno.

Ya tatu aliila siku ya Alhamisi. Na asingeila, leo Doña Tatá asingekuwepo pale juu kututukana sote tunaopita.

*

Ile Alhamisi alishakula mangú yake, ndizi za kuponda, na vipande vitatu vya salami ya kukaanga, ameweka mguu mbovu juu ya stuli, kompyuta mapajani. Chumba cha mbele madrai yananguruma. Saa nne na dakika kumi, swali likaingia. Mwuliza alikuwa amemchagua yeye kwa jina, jambo lililompa furaha. Aliyeuliza alijiita Sindano.

Kabla ya swali, Ubao unamjazisha mtu fomu fupi. Unauliza *nivel*, yaani yuko ngazi gani ya masomo. Unauliza *maestro*, mwalimu wake nani. Unauliza kazi inakabidhiwa lini. Sindano alikuwa amejaza hivi:

Nivel: ya tatu.
Maestro: Fello.
Kukabidhi: Alhamisi, maji yakija.

Radhamés akakuna kidevu. Mwaka wa tatu, sawa, kama alikoishia yeye. Fello ni jina la kila Rafael wa pande zetu, na akina Fello ni wengi kama nzi wa sokoni. Lakini "maji yakija" ndiyo nini? Akaamua ni maabara ya maji. Siku hizi vyuo vina mambo.

Swali lenyewe lilikuwa hivi: "Zege limechomoza nje ya ukuta mita moja na sentimita arobaini. Unene inchi tano. Nondo za tatu kwa nane ya inchi. Juu yake, ukingoni kabisa, kuna tangi la galoni mia tano. Litabeba?"

Akasoma mara mbili. Mita, halafu inchi, halafu galoni. Mwanafunzi gani anachanganya vipimo namna hii, kama mpishi aliyekopa vijiko nyumba tatu? Tena swali la kitabuni huwa na namba za kupendeza, kumi, ishirini, na mwishoni huambiwi "litabeba?" Unaambiwa "kokotoa."

Akaandika kama sheria inavyotaka: "Karibu, Sindano. Umejaribu nini mpaka sasa?"

Jibu likaja upesi: "Nimejaribu kuweka nguzo ya mti kwa chini."

"Kwa chini ya nini?"

"Ya zege."

Radhamés akaegemea kiti. Wanafunzi hujaribu fomula. Huyu amejaribu mti.

"Na ikawaje?"

"Imepinda."

"Ulijaribu kwa mfano wa ukubwa gani?"

"Ukubwa wake."

Ah! Basi ni chuo tajiri, wanajenga zege zima maabara, wanalivunja kwa furaha. Wivu ukamshika. Enzi zake walikuwa wakivunja chaki.

"Ybelka!" akapaza sauti. "Vyuo vya siku hizi wanajenga nyumba nzima ili waibomoe!"

"Kama yule fundi aliyemjengea Nurys wa kule kona," akajibu Ybelka, akitenganisha nywele za mteja. "Tofauti huyo hakusomea."

Kama Radhamés angesikiliza, hadithi ingeishia hapa na nyota zake zingekuwa salama. Lakini mtu anapoitwa injinia na bara zima, hasikii la mkewe.

*

Akaendelea kumzungusha Sindano. Akamuuliza nondo ziko wapi ndani ya zege, juu au chini.

"Chini. Naziona nikiinua macho. Zimeota kutu, zege limezibandukia."

Hapo mzee akakunja uso, maana hili hata kwa miaka mitatu alilijua. Zege lililochomoza halifanani na zege lililolala kati ya kuta mbili. Chukua kipande cha casabe, ule mkate mkavu wa muhogo, kishike ncha moja, ncha ya pili weka yai. Kitapasuka kuanzia juu, karibu na vidole vyako. Kwa hiyo nondo lazima zikae juu, pale panapotaka kufunguka. Ukiziweka chini umezilaza kitandani wakati mwizi anapitia darini.

"Maestro wako amekupa data mbaya," akaandika.

"Hata sisi tunasema hivyo," akajibu Sindano. "Na saruji iliyobaki akaondoka nayo."

Radhamés akavua miwani, akaipangusa kwa fulana, akaivaa. Maneno yalikuwa yale yale. Mwalimu, kaondoka na saruji. Akafikiria kuandika kwamba mwalimu huyo ni mwizi, akaikumbuka kadi ya pili, akajizuia.

"Kuna ufa?" akauliza.

"Upo. Juu, kandokando ya ukuta, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Jumatatu ya wiki iliyopita ilikuwa inaingia sindano namba kumi na moja. Alhamisi iliyopita maji yalipokuja ikaingia kumi na nne. Leo asubuhi namba kumi na nane, nene kuliko zote nilizonazo, imezama yote."

"Tafadhali tumia milimita."

"Sina milimita. Nina sindano."

Mzee akacheka peke yake, kisha akazisoma tena zile siku. Kwenye kazi ya nyumbani ufa hauna Jumatatu wala Alhamisi. Upo au haupo. Huu ulikuwa unatembea. Lakini labda ni jaribio la muda mrefu, si wana zege zima maabara? Akili ikawa kama mtu anayetafuta miwani huku ameivaa.

Akaona afanye kile anachofanya kila mwalimu aliyechanganyikiwa: akaagiza mchoro.

"Nichoree mchoro wa mwili huru," akaandika. "Chukua mwili, uondoe kila kitu kinachouzunguka, ubaki peke yake, kisha uonyeshe kwa mishale kila kinachousukuma."

Safari hii Sindano alikawia. Dakika kumi, kumi na tano. Saluni walikuwa wameanza kubishana kuhusu Doña fulani aliyeolewa mara ya nne na mwanamume wa La Vega. Halafu picha ikaingia. Ilichorwa kwa chaki ya kushonea juu ya karatasi ya kukatia magauni, mistari imenyooka vizuri kama ya fundi wa kweli. Ukuta, zege limechomoza, tangi juu yake. Na chini ya zege, kwenye kiti cha bembea, mtu. Mtu mwenye shungi la nywele na fimbo, na kando yake mshale mmoja umeelekezwa barabarani.

Chini pameandikwa: "Mwili nimekuchorea. Lakini kumwondoa peke yake imeshindikana. Hataki."

Radhamés akaitazama ile picha mpaka kahawa ikapoa.

"Huyu mtu ni nani?"

"Ndiye mwili."

"Hapana, mwili ni zege! Huyu hayumo kwenye mfumo wetu. Ana uzito gani?"

"Libra mia na kumi. Na mdomo."

"Mshale huu wa barabarani ni kani gani?"

"Si kani. Ndiko anakotazama."

Sasa mzee akakasirika. Alihisi kuna kijana wa Caracas au wa wapi anamchezea shere, na wenzake wanacheka nyuma ya skrini. Akagonga vidole kwa nguvu: "Sikiliza, mwanafunzi. Tunafanya fizikia hapa. Mtu aliye chini ya zege habebi zege wala zege halimhusu. Mpuuze."

Vitone vitatu vikawa vinacheza kwenye skrini, vikazima, vikacheza tena.

"Don Rade," akaandika Sindano, "mama yangu nimpuuze vipi?"

*

Don Rade. Kwenye Ubao hakuna anayemwita hivyo. Huko yeye ni injinia. Don Rade ni huyu wa goti, wa mtaa huu, wa kadibodi mlangoni.

Akairudia fomu ya kwanza. *Nivel: ya tatu.* Mtu wa Peru angesema muhula, mtu wa Meksiko vile vile. Na nyumba yenye ghorofa wao wanaita vingine. Ni sisi tu tunaosema nyumba ya nivel mbili, nyumba ya nivel tatu. Fomu ilimuuliza kasoma mpaka ngazi gani, naye akajibu anakaa ghorofa ya ngapi. *Maestro: Fello.* Mwalimu ni maestro, lakini kwetu anayejenga nyumba naye ni maestro, tena huyo ndiye wa kwanza kumfikiria. Galoni za tangi, mita za zege, inchi za nondo: ni wapi duniani wanajenga nyumba moja kwa rula za nchi tatu, kama si hapa?

Akaandika: "Fello yupi?"

"Fello Kidole. Kwani yuko mwingine?"

Fello Kidole, mwenye vidole vinne mkono wa kushoto, cha tano alikigonga mwenyewe kwa nyundo na akamlaumu msumari. Moca nzima amejenga nyumba moja tu ya nivel tatu, ile ya pembeni ya kona ya duka la dawa. Radhamés ameipita mara mia, ameicheka mara mia. Na pale juu barazani, kuanzia asubuhi mpaka jua lizame, anakaa Doña Tatá, miaka tisini na moja, mama yake Nurys mshonaji, akibembea na kumwambia kila mpita njia alichokosea kwenye mavazi. Nurys ambaye mtaa mzima, kwa miaka thelathini, unamwita Sindano.

Ndipo bomba la jikoni likakohoa.

Likakohoa tena, likatema hewa, na Ybelka akapiga kelele kutoka saluni: "Maji! Maji yamekuja! Rade, fungua koki ya pipa!"

Alhamisi, maji yakija. Kwa kawaida huja saa tisa. Saa ya ukutani ilisema tano na dakika ishirini. Maji hupita kwetu kwanza, halafu ndiyo yanapanda kule kona ya duka la dawa, na hapo Nurys huwasha pampu. Galoni mia tano. Libra elfu nne na zaidi, karibu tani mbili, kama kuegesha gari la mizigo kwenye ncha ya ulimi.

Vidole vikaenda kwenye herufi, vikasimama. Msimwone mwovu. Fikirini mtu ambaye kiwandani walimwita "wewe wa spana," chuoni walimwita namba, nyumbani anaitwa mzee wa pasi, na mahali pamoja tu chini ya jua anaitwa kwa jina alilolitaka tangu utoto. Kadi ya tatu ilikuwa pale, nyekundu, inangoja. Akawaza: labda nimuelekeze. Labda nimuulize, "Unadhani itakuwaje tangi likijaa?" Hilo si jibu, ni swali, sheria inaruhusu.

Akaliandika. Akalisoma. Akajiona jinsi alivyo mjinga, akalifuta.

Akaandika kwa herufi kubwa: USIWASHE PAMPU. MTOE MAMA BARAZANI SASA HIVI. NONDO ZIKO CHINI ZILITAKIWA JUU. HALITABEBA.

Akatuma.

Ubao ulifikiri kwa sekunde mbili. Skrini ikawa nyekundu: *Jibu la moja kwa moja. Ujumbe umeondolewa. Akaunti imefungwa. Asante kwa mchango wako.* Nyota zikazimika moja moja, kama taa za mtaa umeme unapokatika. Na lililomkata maini ni lile neno la katikati. Umeondolewa. Je, aliusoma kabla? Au kapoteza yote na mwanamke wa watu hajaona hata herufi?

*

"Ybelka! Mpigie Nurys!"

"Nina rangi mikononi! Kuna nini?"

"Zege! Mama! Pampu! Mpigie!"

Wateja wanne wakageuza shingo kwa pamoja. Hawakuelewa neno, lakini uso wa Don Rade waliuelewa. Ybelka akapiga kwa kidole cha mwisho kilichokuwa kisafi. Simu ikaita, ikaita, ikakata. Akapiga tena. Ikaita mpaka mwisho.

"Juzi alikuja hapa kuulizia habari ya zege lake," akasema Ybelka. "Nikamwambia mzee hatoi ushauri mlangoni, kamwulize huko huko kwenye Ubao wake. Si uliandika mwenyewe? Kosa langu?"

Radhamés akatafuta kandambili, akaipata moja.

Aliyemwokoa ni Leocadia, mwanamke mpana anayeuza viatu sokoni, aliyekuwa na rola ishirini na mbili kichwani na rangi nusu ya kichwa. Akasimama na khanga ya saluni shingoni. "Pikipiki yangu iko nje. Panda, injinia."

"Rangi itakuunguza nywele!" Ybelka akapiga kelele.

"Zitaota nyingine. Mama wa Nurys haoti mwingine."

Wakaondoka hivyo, rola zinametameta juani, mzee nyuma amekumbatia kiuno kisichozungukika, amevaa kandambili moja. Pale kijiwe cha domino wanaume waliacha mchezo. "Don Rade, umemwiba Leocadia au yeye ndiye kakuiba?" Leocadia akawapigia honi, akapita.

Kwenye nyumba ya Fello Kidole ngazi ni nyembamba, na kila kidato kina urefu wake, maana maestro alikuwa akipima kwa jicho. Radhamés akapanda akishika ukuta, Leocadia nyuma yake. Nivel ya kwanza, goti likalia. Nivel ya pili, akalitukana. Kutoka juu alisikia mngurumo, na alijua ni nini. Pampu.

Nivel ya tatu. Nurys alikuwa amesimama mlangoni, miwani puani, simu mkononi, sura ya mtu aliyepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Don Rade! Afadhali. Ulikuwa unanijibu, mara ukatoweka. Ubao ukaniambia mwalimu wako ameondolewa, ukanipa mwingine, wa Bolivia. Ananiuliza nimejaribu nini mpaka sasa!"

"Zima pampu!"

"Kwani jibu ndilo hilo?"

"Ndilo! Zima!"

"Sasa mbona hukusema tangu saa nne?" akasema Nurys, na akakimbia kuzima.

Mzee akampita, akatoka nje.

Barazani, Doña Tatá alikuwa akibembea. Juu yake zege lilikuwa limeinama kidogo, upana wa kidole, ukilitazama vizuri. Ile nguzo ya mti ilikuwa imepinda kama upinde. Kutoka pale juu penye ukuta vumbi jeupe lilikuwa likidondoka, kidogo kidogo, kama mtu anayepepeta unga.

"Doña Tatá, shikamoo. Tuingie ndani."

"Wewe si yule wa pasi?"

"Ndiye mimi. Twende ndani, mama."

"Siendi. Huyu mwanamke mwenye rola na rangi nusu ni nani? Rangi hiyo haikufai, mwanangu, utafanana na kuku aliyelowa."

"Mama, zege linaanguka!"

"Limeanza kuanguka tangu Fello alipolimwaga. Mimi nangoja nione kama litamwangukia yeye."

Radhamés akatazama juu, akatazama chini. Miaka yake yote Ubaoni aliwafundisha watoto kuuondoa mwili kwenye kila kinachouzunguka, kwa penseli, kwa sekunde moja. Sasa mwili ulikuwa mbele yake, na fimbo. Akamkonyeza Leocadia. Huyu akashika mikono ya kiti, yeye akashika miguu ya kiti, wakakinyanyua na Doña Tatá ndani yake, akiwatukana kwa ukoo mpaka kizazi cha nne, fimbo ikitua kwenye rola na kwenye kipara bila upendeleo. Wakamtua sebuleni, chini ya zege lililolala kati ya kuta mbili, lenye nondo mahali pake. Ndipo goti likaachia, naye akakaa sakafuni.

*

Sasa ngoja niwaambie jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Zege halikuanguka.

Halikuanguka siku ile, wala kesho yake, wala wiki hiyo. Nurys alilimwaga tangi kwa mpira mpaka likakauka, na lile zege likakaa vile vile, limeinama kidogo, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Mji ukaanza. "Don Rade, lile zege bado linaanguka?" "Linaanguka polepole, linamngoja injinia apate goti." Leocadia alikata nywele zote, akawa anampita bila salamu. Doña Tatá, aliyenyimwa baraza, alikuwa akipiga kelele dirishani kwamba amefungwa na fundi pasi.

Radhamés alikaa chumba cha nyuma na kompyuta iliyozimwa. Alichanganyikiwa kuliko mwanzo. Alijua alichojua. Alikokotoa upya kwenye karatasi, mara tatu, galoni kwa libra, libra kwa kilo, na kila mara hesabu ilisema lile lingeanguka. Lakini halijaanguka. Ukisema kweli na mambo yasitokee kwa sababu ulisema, nani atakuamini? Hata wewe mwenyewe, usiku ukiwa kimya, unajitilia shaka.

Alimwandikia mkubwa wa Ubao barua ndefu. Akajibiwa na mashine: *Umejaribu nini mpaka sasa?* Akacheka mpaka Ybelka akaja kuona kama mzima.

Wiki ya tatu, Nurys akamleta Fello Kidole abomoe alichojenga. Mtaa mzima ulitoka kutazama, wanaume wa domino wakaleta viti. Fello akapanda, akajifunga kamba kiunoni kwa sababu Radhamés alimlazimisha, akawa anacheka. "Don Rade, hili zege ni la maisha! Mtanipa siku mbili kulivunja!" Akainua nyundo. Pigo la kwanza, vumbi. Pigo la pili, kitu kikalia kama kiti kikuukuu. Kabla hajainua la tatu, zege lote likakatika kwenye ukuta, wima, safi, kama kipande cha casabe, likashuka na baraza na ukuta wake mfupi na nguzo ya mti na kila kilichokuwepo, likatua barabarani kwa kishindo kilichozima redio ya duka la dawa. Tangi halikuwepo. Hata tone la maji halikuwepo.

Fello alibaki ananing'inia kwenye kamba yake, vidole tisa vimeshika ukuta, rangi imemtoka kama shati la mnada.

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wale wa domino akavua kofia, hakujua aivae tena lini.

Pale lilipokuwa baraza, Doña Tatá alisogezwa mpaka kizingitini, kiti chake na yeye ndani. Akachungulia chini kwenye kifusi. Kisha akamwita Radhamés kwa ncha ya fimbo.

"Njoo hapa, injinia."

Radhamés akageuka kutazama anaitwa nani.

"Nurys anasema ulipokuwa unapiga hesabu zako na mimi ulinihesabu. Libra ngapi uliniandika?"

"Mia na kumi, Doña."

"Mia na kumi na mbili," akasema kizee. "Andika vizuri. Nilikuwa nimeshakula."